Kanuni za mji zinavyotawala nyumba ya Kuze

MKAZI wa Kuze anayetaka kutoboa dirisha jipya katika ukuta wa nyumba aliyoachiwa na babu yake huhitaji zaidi ya fundi na mfuko wa saruji. Huhitaji ruhusa ya serikali ya kaunti, kwa kuwa kaunti ndiyo yenye mamlaka juu ya upangaji wa mji. Huhitaji pia idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa kuwa Kuze ni sehemu ya Mji wa Kale wa Mombasa, mji uliowekwa chini ya uhifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na saruji yenyewe yamkini ikakataliwa, maana kuta za matumbawe zilijengwa kwa chokaa. Chokaa hupumua na kuutoa unyevu nje, ilhali saruji huufungia ndani hadi jiwe likaanza kumomonyoka.

Hayo ni mambo ambayo wengi huyajua nusunusu, tena baada ya kufikiwa na afisa mwenye karatasi mkononi. Kanuni zinazomfikisha afisa huyo mlangoni zina asili yake, hupitia hatua zinazojulikana, na katika kila hatua upo muda ambao mkazi anaruhusiwa kusema neno. Muda huo aghalabu ni mfupi, na hupita kabla ya watu kuwa na habari.

Kuze imepakana na Kibokoni, katikati ya vichochoro vinavyopanda kutoka bandari ya zamani na Ndia Kuu kuelekea Barabara ya Digo na soko la Marikiti. Ni mtaa wa nyumba zilizosongamana, maduka chini na makazi juu, roshani za mbao zikiangaliana kwa umbali ambao majirani huweza kusalimiana bila ya kupaza sauti. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza la jiwe, mahali pa kukaa baada ya swala ya alasiri. Kiswahili kimeliita kwa neno lile lile kinachokiita kikao cha watawala, na sehemu kubwa ya habari za kanuni za mji ni habari za baraza la pili kuliamulia baraza la kwanza: limetokeza barabarani kiasi gani, libomolewe au libaki, lipakwe rangi gani.

Kutoka manispaa hadi kaunti

Mombasa ilipata bodi yake ya manispaa kwa mujibu wa sheria ya serikali za miji ya mwaka 1928, iliyofuata ripoti ya Tume ya Feetham. Tangu hapo hadi mwaka 2013 mji uliongozwa, kwa majina mbalimbali, na chombo kilichojulikana na wenyeji kama manispaa. Baada ya uhuru, kitabu kilichokiongoza kilikuwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265 ya sheria za Kenya.

Chini ya Sura ya 265 wananchi walimchagua diwani wa wadi yao, wala hawakumchagua meya. Meya alichaguliwa na madiwani wenyewe, wakiwemo madiwani wa kuteuliwa ambao vyama viliwapendekeza. Karani wa Baraza, aliyekuwa mtendaji mkuu, hakuwa mtu wa kupigiwa kura. Baraza liliweza kutunga sheria ndogo juu ya mambo mengi mno, kuanzia masoko, taka, mifugo na vibanda, hadi kelele na ujenzi. Hata hivyo sheria ndogo iliyopitishwa na madiwani haikuwa na nguvu mpaka iidhinishwe na Waziri wa Serikali za Mitaa jijini Nairobi. Kwa maneno mengine, kanuni ya kuamua mahali pa kutupa taka Kuze ilisubiri sahihi ya mtu aliyekaa umbali wa takriban kilomita 480.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na wakosoaji hawakuchoka kuzitaja. Lakini ulikuwa na jambo moja lililoufanya ueleweke, nalo ni kwamba mkazi alijua diwani wake ni nani na anakaa wapi. Kilichokuwa kigumu kujua ni kanuni zenyewe. Sheria ndogo zilichapishwa kwa Kiingereza katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo si gazeti la kununuliwa pamoja na mahamri ya asubuhi.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilileta mfumo mwingine. Baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, mabaraza ya manispaa, ya miji na ya wilaya yalikoma, na nafasi yake ikachukuliwa na serikali 47 za kaunti. Mombasa ikawa kaunti nambari moja katika orodha, yenye wadi 30. Kuze iko upande wa kisiwani, katika eneo bunge la Mvita, na wadi ya Mji wa Kale/Makadara ndiyo inayoubeba mji wa zamani. Gavana huchaguliwa moja kwa moja na wapiga kura. Mwakilishi wa wadi, ambaye watu wangali wanamwita diwani, huketi katika bunge la kaunti. Waziri wa Nairobi hana tena kalamu ya kuidhinisha au kukataa sheria za mji.

Sheria ya kaunti inavyozaliwa

Mswada huletwa katika bunge la kaunti na mwanachama au kamati ya bunge hilo. Ukishapitishwa, hupelekwa kwa gavana, naye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Asipofanya lolote kati ya hayo, huchukuliwa kuwa ameukubali. Akiurudisha, wawakilishi wanaweza kuupitisha tena bila ya mabadiliko iwapo thuluthi mbili wataunga mkono. Kisha sheria huchapishwa katika Gazeti Rasmi, na kwa kawaida huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe imesema vingine. Katiba ni kali juu ya jambo hili: sheria ya kaunti ambayo haijachapishwa haina nguvu.

Mlango wa mkazi uko kabla ya hayo yote kukamilika. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaongeza haki ya mkazi kuwasilisha ombi la maandishi kwa bunge hilo juu ya jambo lolote lililo chini ya kaunti.

Wapo wanaoziona haki hizo kuwa mapambo tu. Mahakama haikuziona hivyo. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, ikisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo dogo gazetini halikutosha, kwa maoni ya mahakama. Serikali yapaswa kufanya jitihada za kweli kuwafikia watu mahali walipo, ikiwemo makanisani, misikitini na kupitia redio. Tangu hukumu hiyo kaunti zote, Mombasa ikiwemo, hutunza orodha za mahudhurio ya vikao vya umma kwa uangalifu mkubwa. Kama orodha hizo zinaonyesha watu waliosikilizwa au waliojaza daftari na kupewa soda, hilo ni swali ambalo kila mtaa hujijibia wenyewe.

Ikumbukwe kwamba sheria ya bunge la kaunti si sawa na agizo la gavana. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Sheriff Nassir alitoa agizo la kupiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika Mombasa. Wazazi wengi wa Mji wa Kale, waliochoka kuona vijana wakitafuna kutwa kucha, walilipokea kwa shangwe. Wakulima na wafanyabiashara wa Embu walikwenda kortini, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ya huko ikasimamisha utekelezaji wake kwa muda. Ubaya au uzuri wa muguka ni mjadala mwingine. Kwa anayefuatilia utaratibu, mvutano ule ulionyesha kwamba agizo la mtu mmoja, hata likiwa na nia njema, hupingwa kwa urahisi kuliko sheria iliyopita bungeni, ikasikilizwa na umma na kuchapishwa.

Mabwana wawili wa ukuta mmoja

Katika mitaa mingine ya Mombasa, mwenye kujenga hushughulika na kaunti. Kuze ana bwana wa pili. Sababu yake imo katika Katiba yenyewe, Jedwali la Nne, ambalo limegawa kazi baina ya serikali mbili. Upangaji wa miji, nyumba, masoko, leseni za biashara, taka, kelele na barabara za mitaani ni kazi za kaunti. Lakini majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Nyumba ya Mji wa Kale ni makazi na ni urathi kwa wakati mmoja, kwa hiyo iko kwenye orodha zote mbili.

Mgawanyo huo ni wa zamani kuliko Katiba. Mwaka 1990 wataalamu waliofanya kazi na Makavazi ya Kitaifa, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, walikamilisha mpango wa kuuhifadhi Mji wa Kale. Muda mfupi baadaye mji huo ukatangazwa eneo la uhifadhi chini ya sheria ya mambo ya kale iliyokuwepo, Sura ya 215, na manispaa nayo ikawa na sheria ndogo za kuwabana wenye nyumba: wasibomoe wala kubadilisha sura ya nje bila ya ruhusa. Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, ijulikanayo zaidi kwa herufi zake MOTCO, ikapewa kazi ya kuwashauri wenye nyumba na kuyapitia maombi yao. Lamu ilikuwa imetangulia, ikiwa imetangazwa mwaka 1986.

Sura ya 215 ilifutwa na Sheria ya Makavazi na Urathi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Chini ya sheria hii waziri anaweza kulitangaza jengo, pamoja na kipande cha ardhi kinacholizunguka, kuwa lenye kulindwa. Tangazo hilo sharti lieleze kwamba mwenye pingamizi analo fursa ya kuiwasilisha katika muda wa miezi miwili tangu kuchapishwa. Miezi miwili si kidogo kwa mtu anayesoma Gazeti Rasmi. Kwa bibi mwenye nyumba ambaye hajawahi kuliona, ni sawa na kutopewa hata siku moja.

Upande wa kaunti, kitabu kinachotawala sasa ni Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Kifungu cha 57 kinakataza kufanya ujenzi wowote bila ya ruhusa ya waziri wa kaunti anayehusika. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na mkosaji anaweza kuamriwa kuirudisha ardhi ilivyokuwa. Neno ujenzi hapa lina maana pana kuliko wengi wanavyodhani. Kubadilisha matumizi ya jengo kwa kiasi kikubwa ni ujenzi pia machoni mwa sheria. Mwenye kuigeuza sebule ya chini kuwa duka la simu, au nyumba nzima kuwa ya kulaza watalii, anahitaji ruhusa hata kama hakuongeza tofali moja.

Ombi likishapokewa, kaunti hupeleka nakala kwa idara nyingine zinazohusika ili zitoe maoni, na umma nao hutakiwa kuarifiwa ili wenye pingamizi waseme. Sheria imeweka kinga kwa mwombaji aliyecheleweshwa: akikaa siku 60 bila ya jibu la maandishi, huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Ni kifungu kizuri, ila mwenye nyumba Kuze asikitegemee peke yake, maana kimya cha kaunti hakimfungi bwana wa pili. Makavazi wana sheria yao.

Mwenye kukataliwa ana siku 14 za kukata rufaa katika Kamati ya Maelewano ya Upangaji ya kaunti, nayo inatakiwa kuamua katika siku nyingine 14. Asiporidhika huko, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa hiyo haikuwekewa mwombaji peke yake. Sheria inamtaja pia mtu mwenye maslahi. Jirani ambaye jengo la ghorofa nyingi litamfungia upepo wa kusi na kuimwagia maji paa lake ni mtu mwenye maslahi, na siku 14 zinamhusu yeye kama zinavyomhusu mwenye kujenga.

Wachache mno hufanya hivyo. Mswahili huona haya kumshtaki jirani, na aghalabu jirani huyo ni binamu. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: katikati ya nyumba za ghorofa moja au mbili zimechomoza fleti za zege, ndefu kuliko minara ya misikiti iliyo karibu. Mwenye nyumba aliyekatazwa kutoboa dirisha huzitazama kila siku akitoka kwenda sokoni. Si ajabu akaamini kwamba kanuni ni za wasio na pesa. Kanuni za uhifadhi huvunjwa heshima na jengo moja lililoachwa kuliko na hotuba mia za kuzipinga.

Hata rangi ya ukuta imewahi kuwa jambo la serikali. Mwaka 2018, wakati wa Gavana Hassan Joho, kaunti iliwaamuru wenye majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale wayapake rangi nyeupe na kuyanakshi kwa buluu. Waliounga mkono walisema mji utapendeza na watalii watarudi. Waliolalamika hawakuichukia rangi nyeupe, ambayo ndiyo rangi ya chokaa na ya asili. Walihoji gharama. Anayepokea kodi ndogo ya wapangaji wa miaka mingi atalipia vipi mafundi na jukwaa la kupakia ukuta wa ghorofa tatu?

Swali hilo ndilo kiini cha taabu ya Mji wa Kale. Kanuni humtaka mwenye nyumba atunze roshani, milango ya nakshi na boriti za mikoko kwa faida ya mji mzima na ya wageni wanaokuja kuitazama Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya Urathi wa Dunia mwaka 2011. Lakini ngome ina bajeti na kiingilio. Nyumba ya Kuze haina. Fundi wa chokaa ni adimu na ujira wake ni mkubwa kuliko wa saruji. Boriti nazo hutoka katika mikoko ambayo ukataji wake una vizuizi vyake. Zanzibar, ambako mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 na mji ukaingizwa katika orodha ya Urathi wa Dunia mwaka 2000, Jumba la Maajabu liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020. Lilikuwa jengo la serikali, lenye jina kuliko yote ya mji huo. Ikiwa hilo lilishindwa kushikiliwa, ni rahisi kuelewa hali ya mjane mwenye vyumba sita na paa linalovuja.

Kodi ya kiwanja na ada ya duka

Jambo moja ambalo halizungumzwi sana ni jinsi kodi ya ardhi ilivyosukuma watu kujenga kwenda juu. Kwa miaka mingi, chini ya sheria ya uthamini ya Sura ya 266, Mombasa kama miji mingine ya Kenya ilitoza kodi kwa thamani ya kiwanja kitupu, bila ya kuhesabu jengo lililo juu yake. Wazo lilikuwa kumchochea mwenye ardhi aiendeleze badala ya kuiacha kichaka. Katika mji mpya wazo hilo lina mantiki. Katika Mji wa Kale linapingana na uhifadhi, kwani nyumba ya matumbawe yenye ghorofa moja na fleti ya ghorofa nane zilizo kwenye viwanja vya ukubwa na thamani moja huandikiwa kodi ile ile. Mwenye fleti hukusanya kutoka kwa wapangaji wengi, na mwenye nyumba ya kale hulipa kutoka mfukoni. Mkono mmoja wa serikali ukamwambia ahifadhi, na mwingine ukamtoza kana kwamba amejenga. Misikiti, makaburi na mahali pengine pa ibada vilisamehewa katika uthamini huo. Nyumba za watu hazikusamehewa kwa ajili ya ukale wake.

Biashara nazo zina kanuni zake, na hapa mkazi ana ngao ambayo wengi hawaitumii. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ada za kaunti huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka: leseni ya duka, ada ya kibanda, maegesho, mabango, taka. Mama anayeuza viazi karai na mbaazi pembeni mwa njia akifikiwa na askari wa kaunti, ambao vijana huwaita kanjo, ana haki ya kuuliza ada inayodaiwa imetajwa katika sheria ya mwaka gani, na kupewa stakabadhi. Ada isiyo na sheria nyuma yake si ada. Tena mswada wa fedha ndio unaogusa mfuko wa kila mtu kuliko miswada yote, na kwa kuwa huja kila mwaka, ndio unaompa mkazi nafasi ya kusema mara kwa mara. Ajabu ni kwamba vikao vyake huwa vitupu.

Kuhusu taka, kazi ni ya kaunti pasipo shaka, na vichochoro ambavyo lori haliwezi kupita si udhuru. Mkokoteni hupita.

Nani atie sahihi

Baada ya kanuni zote hizo, ombi la kurekebisha nyumba Kuze mara nyingi hukwama mahali ambapo kaunti na Makavazi hawana kosa. Fomu hutaka hati ya umiliki, na hati ina jina la marehemu aliyekufa zamani. Warithi ni kumi na mmoja. Watatu wako Dubai na Muscat, mmoja London, na wengine hawasemezani. Mirathi ya Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Familia ambayo haijawahi kuipeleka mirathi yake kwa Kadhi haina mtu wa kutia sahihi. Hivyo ufa mdogo ambao ungezibwa kwa chokaa ya siku mbili hungoja hadi kusi mbili tatu zipite.

Kwa nyumba za wakfu mambo ni tofauti. Hizo hazina mrithi wa kuziuza wala kuzigawa. Zina msimamizi, na masharti aliyoyaweka mwenye kutoa wakfu ndiyo yanayoongoza matumizi ya mapato yake. Tume ya Wakfu, yenye makao yake Mombasa, imekuwa ikisimamia mali za namna hiyo tangu sheria ya mwaka 1951, na mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria mpya ya wakfu. Mpangaji wa nyumba ya wakfu anayeona dari likishuka haendi kwanza kaunti. Huanza kwa msimamizi, na msimamizi asipochukua hatua, malalamiko hupelekwa kwa Tume. Ruhusa ya kaunti na ya Makavazi hufuata baadaye, kwa jina la wakfu, si la mpangaji, hata awe amekaa humo miaka arubaini.